Miwani ya Kumtazamia Mkwe

Tomasi alikuwa mtu mpole, hajawahi kumvunjia mkewe hata sahani. Ila siku moja alirudi shambani amechoka, akajitupa kitini bila kuangalia, na miwani ya Esperansia ikalia chini yake kama ganda la karanga. Vioo vilipona. Fremu ilikatika pale puani, na mkono mmoja, ule wa kushika sikio, ukang'oka. Tomasi alisema pole. Esperansia alitaka kumjibu vizuri akashindwa, maana kama kuna wiki ya kuvunjiwa miwani, basi haikuwa ile.

Macho hayana pazia, wanasema. Waliosema hivyo walikuwa na macho mazima. Esperansia aliweza kuchambua maharage na kutoa kijiwe ambacho vijana wangekitafuna, lakini mtu akisimama mlangoni alikuwa rangi tu: rangi ya kitenge, rangi ya shati. Alimjibu jirani salamu ambayo hakupewa, na akampita padri bila kumsalimu, na kijiji kizima cha Kirushya kikaanza kusema amekuwa na maringo. Hayo angeyavumilia. Tatizo ni kwamba kulikuwa na uso mmoja ambao ilikuwa lazima auone.

Binti yake wa pekee, Priscila, alikuwa ameposwa na mtu aliyeitwa Irakoze. Alitoka Burundi mwaka ule watu walipovuka mpaka na magodoro vichwani, kabla Wanyarwanda hawajafuata na vilima vya Ngara kufunikwa na maturubali. Alikuwa ameacha kambi na kujitafutia riziki, kwanza Lusahunga, kwenye kituo cha malori. Zaidi ya hapo Esperansia hakujua kitu, kwa sababu kila Priscila alipofungua mdomo kumweleza, mama alikumbuka chungu kilicho motoni.

Si kwamba alimdharau. Mhangaza wa Ngara na Mrundi huelewana bila mkalimani, na bibi yake mwenyewe aliolewa kutoka ng'ambo ya mpaka. Esperansia aliogopa. Mkimbizi ana mguu mmoja hapa na mwingine kwao. Siku akiuinua ule wa hapa, ataondoka na Priscila, aende naye huko kulikokuwa na milio ya risasi. Alimwambia Tomasi hivyo hivyo bila kuficha. Tomasi akasema kila mtu hufia mahali fulani, na hilo halikumsaidia mtu yeyote.

Tena kulikuwa na mila. Kwao, tangu siku ya posa, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Kushikana mkono ni aibu, na kumgusa mwenzako usoni ni kuivunja ndoa kabla haijafungwa. Kwa hiyo wageni wakija, mama anakaa chumba cha ndani, nyuma ya ukuta wa matete, na anaachiwa jambo moja tu: kibuyu cha pombe ya ndizi. Akikitoa, binti amekwenda. Kikibaki ndani, wageni wanashukuru kwa maji waliyokunywa, wanaondoka, wala hakuna anayeuliza sababu.

Safari ya kwanza, siku moja tu baada ya miwani kuvunjika, alikuwa amechungulia kwenye matete kwa macho yake matupu, akaona shati jeupe lisilo na kichwa. Sasa walikuwa wanarudi Jumamosi kusubiri kibuyu. Utamwozaje mwanao kwa shati?

"Mama, nipe hiyo miwani," Priscila alimwambia. "Nina mtu wa kuitengeneza."

"Mtu wako ataipoteza."

"Hata hujauliza ni nani."

"Sijauliza na sitauliza. Kaangalie jikoni."

Alivifunga vioo vyake kwenye leso, akaichomeka kifuani, akaenda mjini Ngara kwa Abdulkadiri, ambaye duka lake liliuza kila kitu kuanzia mafuta ya taa hadi mashuka ya maiti. Tangu mashirika ya misaada yaingie na magari yao meupe, Abdulkadiri alikuwa ameongeza sanduku la kioo lililojaa miwani. Mkewe Zulfa alilifungua, akamshikia Esperansia kioo cha kujitazamia.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo asiye na miwani hawezi kulijua. Kuchagua fremu unavaa fremu tupu, na ukivaa fremu tupu huoni. Sasa unajitazama nini? Alisogeza kioo mpaka pua ikagusana na pua. Aliona pua.

"Hii imekupendeza, dada," alisema Zulfa.

"Ikoje?"

"Kama mke wa mkuu wa wilaya."

Akavaa nyingine, nayo ilimpendeza. Ya dhahabu ilimpendeza, ya bluu ilimpendeza, na moja iliyombana masikio mpaka machozi yakamtoka ilimpendeza kuliko zote. Esperansia akaanza kuhema. Alitoa vioo vyake akaomba vijaribiwe: kwenye fremu ya kwanza havikuingia, kwenye ya pili viliingia vikaanguka mezani. Abdulkadiri akaja na miwani mizima iliyokuwa na vioo tayari, akamvalisha, na duka lote likainama kama liko kwenye mteremko.

"Utazoea, mama," alisema Abdulkadiri.

"Nizoee kuanguka?"

Zulfa alicheka, akamwambia pale wanauza tu. Kabanga, kule mpakani, siku ya gulio huja fundi anayevichonga vioo vikaingia fremu yoyote. Esperansia alirudi nyumbani kwa hasira, akapitiliza nyumba yake mwenyewe, akabisha kwa jirani.

Siku ya gulio Priscila alipomuuliza anakwenda wapi, alisema anafuata chumvi. Kabanga ilikuwa imefurika. Wabadilisha fedha walimpigia kelele, basi likampigia honi, na yeye alitembea ameshika leso kifuani kama aliyeiba. Aliuliza, akaelekezwa, akakosea, akaulizia miwani kwa muuza dagaa. Mwishowe akafika kwenye meza ndogo chini ya mwamvuli, penye saa zilizofunguliwa matumbo, jiko la mkaa, jiwe la kunolea na rundo la fremu kuukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi. Kaa."

Alikuwa mtu wa maneno machache. Alivifungua vioo, akavipuliza, kisha akafanya jambo ambalo Abdulkadiri na sanduku lake hawakuliwaza: alivishika kwa vidole mbele ya macho yake, kimoja huku, kingine huku.

"Unaona nini?"

Gulio likaja. Ndizi zikawa ndizi, watu wakawa na midomo. Na mbele kabisa, kijana mwenye kovu dogo juu ya nyusi, anayemtazama kwa makini kama mtu anayepima chumvi kwenye mchuzi.

"Nakuona wewe," alisema Esperansia. "Una kovu."

"Basi vioo ni vizima. Sasa tutafute fremu, na usijisumbue na kioo cha kujitazamia. Nitakutazama mimi."

Akazijaribu moja baada ya nyingine, na hakusema hata moja inampendeza. Hii nzito, itakuchubua. Hii ya mtu mwenye uso mpana. Akafika kwenye ya kahawia, nyepesi, akaitenga na zile zingine. Akainamia jiwe, akavichonga vioo kwa maji taratibu mpaka vikaingia. Esperansia, aliyekuwa hajatulia wiki nzima, alijikuta ametulia. Fundi alipasha mikono ya fremu juu ya mkaa, akamvalisha, akapitisha vidole nyuma ya masikio yake.

"Sikio lako la kushoto liko juu kuliko la kulia," alisema. "Ndiyo maana fremu za dukani zinakukataa. Nimewahi kuona masikio kama haya."

"Masikio ni masikio, mwanangu. Wewe kaza. Kuna mtu nataka kumwona."

"Nani huyo?"

Labda ni ule utulivu uliomponza. Maneno yalimtoka yote. "Kuna Mrundi anakuja kwangu Kirushya Jumamosi kumchukua binti yangu, na sijui hata pua yake ilivyo. Wanamwita Irakoze. Unamfahamu?"

Vidole vikasimama nyuma ya sikio la kushoto. Kisha vikatoka, haraka, kama vimegusa chungu cha moto. Fundi aliivua miwani kwa kushika fremu tu, akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja.

"Namfahamu kidogo," alisema, akitazama chini.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mama, mimi siwezi kumsemea. Utamwona mwenyewe."

"Atampeleka mwanangu huko kwao?"

Ingekuwa rahisi kwa fundi kusema hapana. Esperansia alikuwa amemwinulia uso akiisubiri hiyo hapana.

"Sijui, mama. Na nadhani hata yeye hajui."

Esperansia akavaa miwani mwenyewe. Dunia ilionekana, lakini upande wa kushoto ulikuwa umeinuka na fremu imelala kama mlango uliotoka bawaba. "Hapa bado. Kaza kidogo."

"Siwezi, mama. Nisamehe."

"Huwezi vipi? Si ulikuwa unakaza sasa hivi?"

Fundi alikuwa amegeuka, anapanga saa ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na malipo alikataa hata kuyatazama. Esperansia aliondoka akinung'unika njia nzima. Vijana wa siku hizi, alimwambia wifi yake Odeta, hawajui kumaliza kazi. Na chumvi akasahau.

Jumamosi wageni walikuja. Odeta alikaa naye nyuma ya matete, maana Odeta ndiye aliyekuwa mlinzi wa mila za ukoo, na hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda zaidi.

"Mbona miwani imekaa upande?"

"Nyamaza, nataka kuona."

Akasukuma miwani juu ya pua, akaweka jicho kwenye upenyo. Aliwaona wazee, mmoja mmoja. Akaliona shati jeupe. Akapanda nalo taratibu: kola, shingo, kidevu, na juu ya nyusi kovu dogo.

Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa hasira. Huyu ndiye aliyeniachia miwani upande! Kisha akaelewa kwa nini.

Alikaa chini juu ya mkeka. Mkwe wake alikuwa ameshika uso wake mchana kweupe kwenye gulio, na wanaojua walikuwa wawili tu. Angemnong'oneza Odeta neno moja, mambo yangeishia pale. Desderius, kaka yake Tomasi, aliyekuwa akiusemea ukoo, angesimama, na hata padri asingeweza kuwarudisha wazee wale kwenye viti. Priscila angebaki Kirushya. Si ndicho alichokuwa akikitafuta? Alikuwa amehangaika wiki nzima kutafuta sababu, na sababu ilikuwa imekaa puani mwake, upande.

"Mama wa binti ana neno?" Desderius aliuliza kutoka sebuleni.

Esperansia alichungulia tena. Irakoze alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa na haja ya kuambiwa ni nani aliye nyuma ya matete, na alijua vizuri neno ambalo mama huyo angeweza kulisema. Alikuwa amekuja hata hivyo. Esperansia aliikumbuka ile "sijui" yake, ambayo mwongo yeyote angeiruka. Alivikumbuka vidole vilivyotoka nyuma ya sikio lake, mahali ambapo hakuna mzee wala Odeta aliyekuwa akitazama. Alikuwa bado anaogopa mpaka, na risasi, na nyumba bila Priscila. Woga haukupungua hata kidogo.

"Wifi," alisema Odeta, "unaona nini?"

"Mwenye macho haambiwi tazama," alijibu, akainuka, akabeba kibuyu, akakisukuma nje ya mlango. Kisha akajifunika kitenge usoni akalia, na Odeta akadhani ni furaha.

Walioana baada ya mavuno. Ndipo adhabu ya Esperansia ilipoanza, kwa sababu fundi wa miwani Kabanga alikuwa mmoja, na sasa alikuwa mkwe wake. Fremu iliendelea kuteleza. Aliisukuma akipika, aliisukuma akilima, ilimwangukia kwenye kapu la sadaka. Watu walimwambia si uipeleke kwa mkweo, nawe una bahati. Akawajibu anaipenda hivyo hivyo. Siku za gulio hakuenda tena Kabanga hata kwa chumvi.

Mvua zilipokwisha, Priscila alikuja kuwasalimu. Alinyoosha mkono kabla hajakaa.

"Mama, nipe miwani. Mume wangu anasema kuna kazi aliiacha katikati."

Esperansia alimtazama. Binti hakutabasamu wala hakuuliza. Mama akaivua, safari hii bila neno, akaifunga kwenye leso, akampa, na Priscila akayeyuka njiani akawa rangi ya kitenge.

Siku kadhaa alikaa kwenye ukungu akijigonga kwenye milango. Kisha rangi ya kitenge ikarudi, ikamvalisha miwani. Ilikaa. Haikubana, haikuteleza; ililala puani kama imeota pale.

Esperansia akalishika sikio lake la kushoto. "Ameipimaje, nami sikuwepo?"

"Amepimia kwangu," alisema Priscila. "Alinikalisha pale mezani, akasema masikio ni yale yale. Nikamuuliza yale ya nani, akacheka."

Mama yake akamtazama kwa muda mrefu. Nywele zilikuwa zimesukwa, na pembeni sikio la kushoto lilikuwa juu kidogo ya la kulia. Miaka yote alikuwa amemlaza mtoto huyu, amemwogesha, amemsuka, na hakuwahi kuliona.

"Nimwambie nini?" Priscila aliuliza.

"Mwambie mkwe wangu imekaa," alisema Esperansia. "Na siku mkiamua kuvuka mpaka, mje kwanza niwatazame. Wewe simama mlangoni. Yeye asimame nyuma yako."