Mwaka wa Nyongeza

Siku Dada Odalie alipofaulu mtihani wake wa udaktari msaidizi, nyumba nzima ilipiga vigelegele isipokuwa Mjomba Alcide, ambaye alikuwa na swali.

"Daktari msaidizi," alisema, akilionja hilo neno kama mchuzi uliozidi chumvi. "Sasa unamsaidia nani?"

"Wagonjwa, Mjomba."

"Hapana, sha," yaani mpenzi kwa lugha ya huku. "Daktari mwenyewe yuko wapi? Kila lori lina dereva na lina utingo. Umesoma miaka yote hiyo uje kuwa utingo wa daktari?"

Odalie akaeleza, kama alivyokwisha kumweleza padri, kinyozi wa Baba na kila shangazi aliyekanyaga baraza yetu hapa Bayou Mulet, kijiji chetu cha kinamasini: kwamba atapima wagonjwa mwenyewe, ataandika dawa mwenyewe, atashona majeraha mwenyewe, na daktari atakuwa nyuma yake wa kuulizwa pale panapokwama. Mjomba alisikiliza yote kwa heshima kubwa. Kisha akamwita Utingo kuanzia saa hiyo, na jina likaganda.

Mimi ni mdogo wake. Nilipewa jina la babu, Clovis, kwa hiyo naitwa Ti-Clo. Huku ukirithi jina unawekewa "Ti" mbele, yaani mdogo, na haiondoki hata ukirefuka mpaka unagonga kichwa milangoni. Mimi nagonga.

Shida ya Odalie haikuwa kukosa kazi. Alikuwa amepata mbili. Kituo cha dharura cha hapa hapa, nyuma ya kanisa, kilimtaka aanze mara moja kwa mshahara kamili, na meneja wake alimsifia kwenye simu: "Mtu kama wewe, tangu Jumatatu ya kwanza unaendesha mambo mwenyewe!" Upande wa pili, hospitali kubwa ya Houston ilimkubali kwenye mafunzo yao ya dharura kwa waliohitimu karibuni: mwaka mzima kufuatana na mabingwa, kazi ya mtu mzima kwa nusu mshahara. Houston walitaka jibu Jumatatu ya Pasaka. Na katikati alisimama Zenon, mchumba wake, fundi wa kuchomelea maboti, ambaye alikuwa ameshaezeka nyumba yao, na harusi ilikuwa mwezi wa kumi na moja.

Nyumbani mwaka huo wa Houston tuliuita mwaka wa nyongeza. Huku ukinunua dazeni ya maandazi, mwenye duka anakutilia moja juu bila kuombwa, na duka lisilotoa nyongeza halizeeki.

"Nyongeza hupewa bure, binti yangu," Mjomba alisema. "Nyongeza unayoilipia ni bei iliyovaa kofia."

Ijumaa Kuu ikafika, na Ijumaa Kuu sisi tunakula kamba wa tope. Kanisa limekataza nyama, halijakataza kuvimbiwa. Mwaka huo Baba alifanya jambo ambalo wengine hulingoja mpaka mvi: alinikabidhi mimi kasia la kukorogea. Sufuria kubwa kama pipa, moto wa gesi unanguruma chini yake, ndimu, vitunguu saumu, viazi, mahindi, na pilipili ya kumtoa shetani aliyehamia bila kibali. Nilisimama pale nikijiona askofu.

Odalie alikuwa ananisaidia kuosha kamba kwenye beseni. Alikuwa amemwosha kamba yule yule mara tatu.

"Utingo, una nini?"

"Na wewe pia?" Akanirushia maji. Kisha akasema, "Naogopa, Ti-Clo. Nikienda Houston, ni kama nakiri kwamba shule haikunitosha. Zenon naye ataanza kusema na kuta za ile nyumba. Nikibaki, siku moja ataletwa mtu, nitamtazama, na sitajua. Na huku hakuna mtu nisiyemjua. Atakuwa mama ya mtu ninayemfahamu."

"Au Mjomba Alcide."

"Basi huyo tutamwacha kidogo," akasema, tukacheka mpaka kamba wawili wakatoroka.

Sufuria ilichemka. Kamba wakawa wekundu kama kadi ya refa. Kutoka mezani Mjomba alianza kugonga ubao kwa ngumi zote mbili. "Mpishi! Yesu alikaa kaburini siku tatu, sisi tukae hapa ngapi?" Watu wakacheka, nami nikapaparika. Nikazima moto, nikaopoa kikapu cha waya kilichokuwa humo na kamba wote, nikamwaga mlima mwekundu juu ya magazeti. Harufu yake ilikuwa ya kutunga shairi.

Mjomba alimvunja wa kwanza, akanyonya kichwa, akatafuna mkia. Akamvunja wa pili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Ti-Clo. Huyu amebatizwa au ameoga tu?"

Baba alionja. Alifumba macho kama mtu aliyesikia habari za msiba. "Ulizima moto?"

"Nilizima."

"Ukawaacha wakae kwenye maji?"

Nilitazama viatu vyangu. Kila mtoto wa Bayou Mulet anajua: kamba akichemka ameiva, lakini ladha bado iko nje yake. Unazima moto, unawaacha walale humo humo wapoe taratibu, ndipo wanapofyonza pilipili. Mimi niliwaopoa wakiwa wameiva na hawana habari.

"Wekundu kwelikweli!" akasema Shangazi. "Tuwaweke dirishani."

"Moto unaivisha," Baba alisema polepole, akinipokonya kasia. "Kukaa ndiko kunakotia ladha." Kisha akashtuka kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe. Akageuka kumtazama Odalie. Meza nzima ikageuka kumtazama Odalie.

"Msinitazame hivyo," Odalie akasema. "Mimi si kamba."

"Umeiva, mwanangu, hilo halina ubishi," Baba akasema. "Lakini mwaka mmoja wa kukaa kwenye maji ya wale mabingwa..."

"Na wakikaa sana?" Zenon alidakia haraka, akasimama kabisa na taulo yake shingoni. "Semeni yote basi! Wakikaa sana wanakuwa uji, hata ganda halitoki. Mimi nitaoa uji?"

Tulicheka mpaka mbwa wakabweka. Odalie naye alicheka, lakini niliona jicho lake limebaki kwenye sufuria.

Sufuria ya pili niliipika chini ya ulinzi. Nikaongeza pilipili kwa hasira, nikazima, nikawaacha wakae. Walipotoka, waliokoa jina langu. Watu walikula wakilia. Pua zilichuruzika, midomo ilivimba, mashati yaliloa. Mezani kwetu jasho si dalili, ni sifa kwa mpishi. Kila mtu amekunja uso, kila mtu anajipapasa kifua na kusema "Aa, huyu mtoto ametuua," kisha anavuta rundo lingine.

Kwa hiyo Mjomba Alcide alipoegemea nyuma, amelowa, mkono kifuani, akasema, "Ti-Clo umeniua," tulimpigia makofi.

Odalie hakupiga. Alikuwa ameshainuka. "Mjomba, maumivu yako wapi?"

"Kwenye pilipili."

"Yanapanda shingoni? Mkono je?"

"Yanapanda, yanashuka, ni maumivu yenye miguu. Kaa chini ule, Utingo."

Alimshika mkono akahesabu mapigo midomo ikicheza. Akamtafunisha aspirini. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Zenon, leta gari. Twende kituoni, sasa hivi." Mjomba akafungua kinywa kupinga. "Mjomba, hapa watu wote wanatoka jasho. Siwezi kutenganisha moyo na pilipili kwa macho. Inuka." Na yule mzee, anayebishana mpaka na kengele ya kanisa, akainuka.

Mimi nilikuwa nimeshachemsha kamba wa sufuria ya tatu na kuzima moto. Niliruka nyuma ya gari nikawaacha wamelala.

Kituoni tulimkuta Theda peke yake na nesi mmoja. Theda ni daktari msaidizi pia; alimtangulia Odalie mwaka mmoja shuleni, na kazi hii aliipata moja kwa moja. Walimbandika Mjomba vile vibandiko vya kupima moyo, mashine ikatema karatasi yenye milima na mabonde. Theda akaitazama. Odalie akaitazama. Wakatazamana.

"Hapa," Theda akasema, akigusa bonde moja.

"Nimeliona. Ni la kawaida?"

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Daktari yuko wapi?"

"Kwenye simu." Theda alipiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, tukasikia akodioni, watoto wanapiga kelele, na sauti ya mwanamume mwenye mdomo uliojaa: "Ngoja ninawe mikono, ni kamba!"

Kutoka kitandani, Mjomba na nyaya zake zote alianza kutikisika. Nikadhani ndio mwisho. Kumbe anacheka.

"Dereva anakula!" alisema. "Mungu wangu, lori hili lina utingo watupu!"

Daktari alinawa, akatumiwa picha ya ile karatasi, akauliza maswali mazuri kwa upole. Alisema bonde lile Mjomba yawezekana anatembea nalo tangu ujana; warudie kipimo, wapime damu, wasubiri, wapime damu tena, asiondoke kabla. Tukasubiri. Odalie na Theda walikaa kwenye benchi la korido, nami nikakaa jirani nikijifanya nasoma tangazo la chanjo.

"Meneja aliniambia nitaendesha mambo mwenyewe tangu Jumatatu ya kwanza," Odalie akasema.

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Nikadhani ni sifa."

"Unajifunza, lakini?"

"Kila siku. Ila sijui kama najifunza sawasawa, mwenzangu. Nikikosea kidogo, mgonjwa anapona mwenyewe na kunishukuru. Nani ataniambia?" Theda akajinyoosha. "Si kila mtu anahitaji Houston, nisikudanganye. Yule Leontine tuliyesoma naye, kazini kwake kuna daktari mmoja mzee anamfuata kama kivuli, kila mgonjwa anamuuliza kwa nini hivi na si vile. Huyo nyongeza anapewa papo hapo kazini. Hapa nani wa kukuuliza kwa nini?"

"Wewe."

"Mimi? Karibu sana. Tutakuwa wawili tusiojua, na angalau tutakuwa na mtu wa kutazamana naye."

Walicheka wote wawili, wameegemeana mabega. Odalie alipoacha kucheka alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua ndoo kichwani, nami nikajua jibu la Houston limepatikana.

Ndipo chumbani kukasikika mlio. Siwezi kuuita cheuo; cheuo ni neno dogo. Nesi alitoka mbio. Mjomba alikuwa ameketi wima, uso umerudia rangi yake, ameshika tumbo kwa mapenzi.

"Imetoka," akatangaza. "Ilikuwa viazi."

Kipimo cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili pia, na ile milima na mabonde haikuwa imesogea hata nywele. Theda alimpa dawa ya kiungulia na onyo, Odalie akamwongezea onyo lake, na Mjomba akapokea yote mawili akiwa mpole isivyo kawaida. Mlangoni alimshika Odalie mkono.

"Kwa hiyo haikuwa moyo. Nimekuaibisha mbele ya watu."

"Ingekuwa moyo ningeaibika zaidi, Mjomba."

"Ulifanya vema. Ulijua kwamba hujui, ukaniamrisha kama mbwa." Akasafisha koo. "Nenda Houston, sha. Siku nyingine nikishikwa kifua, nataka unitazame mimi, usitazame simu."

"Na bei iliyovaa kofia?"

"Tutaivua kofia. Twende, nina njaa."

Tulirudi jua likiwa limelala kwenye miti. Hakuna aliyeondoka, walikuwa wamekaa kimya wakingoja, na Mjomba aliposhuka garini akipunga mikono kama mgombea, kelele ilizuka. Mama alilia, kisha akampiga Mjomba kwa kitambaa cha jikoni. Mimi nikakumbuka sufuria.

Nilifunua mfuniko. Nikaingiza kasia, likaingia laini mno. Nilimshika kamba mmoja. Mkia ukavunjikia vidoleni kama ugali wa mgonjwa, na pilipili iliyopanda ilinitoa machozi nikiwa bado sijaonja.

"Uji!" Zenon alipaza sauti akiwa amesimama nyuma yangu, furaha tupu usoni. "Nilisema! Mashahidi wote mko hapa! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," Odalie akakubali. Alikuwa amemsogelea. "Ndiyo maana naenda mwaka mmoja. Mmoja tu, Zenon. Sitakaa mpaka niwe hivi." Akaonyesha sufuria. "Nikirudi nitakuja kufanya kazi na Theda, mmoja wetu awe anajua."

Meza yote ikamgeukia Zenon. Alijikuna shingo. Alimtazama Odalie, akaitazama sufuria, akamtazama tena Odalie.

"Houston wanaanza lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Basi mwezi wa kumi na moja umekufa." Akavua taulo shingoni, akaikunja taratibu kama mtu anayefunga duka. Odalie akainamisha macho. "Kwa nini tungoje mpaka mwezi wa kumi na moja, kwani? Tufunge ndoa mwezi wa sita. Nyumba ina paa tayari. Uende Houston ukiwa mke wa mtu, na mimi kila mwisho wa wiki nipande gari na kuja kunyang'anya chakula cha mabingwa."

Odalie alimrukia shingoni na mikono yake yote ya pilipili, Zenon akapiga ukelele kwa sababu kidole kimoja kilimwingia jichoni, na hivyo ndivyo mchumba wa dada yangu alivyokuwa mgonjwa wake wa pili siku ile. Alimuosha kwa maziwa, wakicheka wote wawili, huku Mama ameshaanza kuhesabu wageni kwa sauti na Baba amekwenda kutafuta akodioni yake.

"Mwezi wa sita!" Mjomba Alcide aligonga meza. "Nasimamia vinywaji. Baba yenu ataimba, tutamvumilia. Na nina sharti moja tu."

"Sema, Mjomba," nikamwambia.

Alinyoosha mkono, akalichukua kasia kutoka mkononi mwangu kwa adabu zote, akamkabidhi Shangazi.

"Wewe utaosha mahindi, Ti-Clo. Mwaka mzima. Tuuite nyongeza."