Rangi Aliyopaka Mkwe

Ti. Ti. Ti.

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kabla jogoo hajawika. Bibi aliitambua hata macho hayajafunguka vizuri. Koki ya tangi lake ilikuwa na tabia yake: maji yakiwa kidogo ilinyamaza, tangi likijaa ikaanza kudondosha. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kubwa, ya kwanza tangu kiangazi kishike, na sasa tangi lilikuwa limejaa pomoni.

Mwaka mwingine angelala akisikiliza tone hilo na kumshukuru Mungu. Leo aliinuka upesi, akajifunga nguo, akachukua tochi na kutoka. Chini ya koki aliweka daima bakuli jeupe, ili tone lisiende bure. Alimulika ndani yake. Maji yalikuwa na wekundu kwa mbali, kama maji yaliyosuuziwa nguo mpya, na chini palikuwa na vumbi laini jekundu. Alitia kidole, akafikicha, akanusa. Harufu ya karakana.

"Haya basi," alisema peke yake. "Nilichokiogopa ndicho hiki."

Bibi hakuwa mtu wa mchezo na maji ya mvua. Kila mwanzo wa msimu aliligeuza bomba la paa likaelekea mtaroni, paa lioge kwanza, mavi ya ndege na vumbi na majani makavu viende zake. Ndipo alipolirudisha bomba tangini. Mdomo wa tangi ulikuwa na wavu, na juu ya wavu mfuniko wa kukaza, mbu asipate hata pa kuchungulia. Na bado maji ya kunywa aliyachemsha. Maji ya bomba la mtaa yalikuja yakijisikia, kwa hiyo majirani wengi walikuwa wamewahi kunywa ya kwake.

Sasa mkwewe alikuwa amelipaka paa rangi.

Bibi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Mkwe alifika na mtoto wake likizo ilipoanza, akaikuta nyumba imefungwa, akachukua ufunguo kwa jirani. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi mageti ya chuma, na alikuja na madebe ya rangi ya kuzuia kutu iliyobaki kwenye mageti ya ghala moja. Hakusema na mtu. Alipanda ngazi asubuhi akashuka jioni, na kesho yake vilevile. Bibi aliporudi jana magharibi alikuta paa jekundu kama nyanya iliyoiva, na chini yake mwanamume amesimama, rangi imemwingia mpaka kwenye nyusi, anatabasamu kama mtoto aliyeleta cheti kizuri nyumbani.

"Mama, safari iliyopita niliona bati limeanza kutu," alisema. "Nikasema nikufanyie kazi kidogo."

Kazi kidogo! Mgongo wa kijana ulikuwa haunyooki. Bibi aliuona ule mgongo, akaona na malengelenge ya viganja, akasema, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuzidishie." Moyoni alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu mfereji na bomba na tangi. Akajiambia kwamba asubuhi mapema, mkwe akiwa bado amelala, atalichomoa bomba taratibu bila kumwaibisha. Lakini mvua haikungoja adabu za wakwe.

Alirudi jikoni akiwa na bakuli. Ndani alikuwa na ndoo ya maji ya zamani, iliyofunikwa, ya kutosha chai na kunywa kwa siku hiyo. Alipokuwa akiwasha jiko, jirani yake aliingia kwa mlango wa nyuma na jagi mkononi. Jirani huyo mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia hailali.

"Hongera!" alisema Redio. "Nyumba imevaa kama bibi harusi! Mimi mkwe wangu hata balbu hajanibadilishia, ananiambia giza ni zuri kwa macho. Nipe maji ya mvua mpya nikapikie chai."

"Leo sina ya kukupa."

"Tangi linafurika, masikio yangu yanasikia!"

Bibi alimwonyesha bakuli. Redio alilitazama, akaangalia juu kwenye dari kana kwamba anaweza kuliona paa, akaelewa.

"Si uyachemshe tu?"

"Moto unaua vijidudu. Rangi haina roho ya kutolewa."

"Basi mwamshe umwambie! Unangoja nini?"

Bibi alishusha sauti. "Tulia, wewe. Huyu si wa kumwamsha kwa makaripio. Mwanangu alipokuwa hai, huyu alikuwa na deni la kuja hapa. Sasa mwanangu yuko kaburini, kamba imekatika. Anakuja kwa hiari yake, na ananiletea mjukuu kwa hiari yake. Leo nimwambie kwamba zawadi yake ni sumu? Akiona haya, akakaa kwao, nitamlaumu nani? Mtoto yule ndiye pekee aliyebaki na macho ya mama yake."

Redio alivuta kigoda. Alikaa na jagi lake tupu mapajani.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitafunga koki kwa waya. Wakishaondoka kesho, nitamwaga."

"Na watakunywa nini leo?"

"Ndoo ipo."

"Na mtoto je? Mtoto anajua ndoo?"

Kabla Bibi hajajibu, nyayo ndogo zilipita barazani mbio. Mjukuu, ambaye kwa maneno yake mengi aliitwa Chiriku, alikuwa ameamka na kiu, na kikombe chake cha plastiki mkononi. Kwa Bibi, mtoto alizoea jambo moja tu kuhusu maji: yako nyuma ya nyumba, fungua koki. Bibi mara zote alimkemea anywe yaliyochemshwa, na mara zote Chiriku alisahau.

Bibi alitoka jikoni akaona kikombe kimejaa, kinapanda mdomoni.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. Njiwa waliruka kutoka paani. Chiriku alishtuka, kikombe kikamponyoka, maji yakamwagika miguuni. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka.

"Umekunywa?"

"Bado, Bibi. Nilikuwa nataka."

Bibi alimkumbatia, akamfuta miguu kwa pindo la nguo yake. Alipoinua uso, mkwe alikuwa amesimama mlangoni, shati halijafungwa vifungo, anawatazama.

"Mama, kuna nini?"

Hapakuwa tena na pa kujificha. Bibi aliingia jikoni, akachukua lile bakuli, akampa. Hakulisindikiza kwa maneno mengi.

"Ni rangi, mwanangu. Paa hili ndilo tunalokingia maji ya kunywa. Mvua imeiosha, imeingia tangini."

Mkwe alilishika bakuli kwa mikono miwili. Alitazama vumbi jekundu muda mrefu. Kisha akaenda kukaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, iliyokuwa bado imeegemea ukuta.

"Rangi hii kazini tunakatazwa kula kabla hatujanawa," alisema taratibu. "Nimeipaka juu ya maji ya mwanangu. Nyumbani kwetu maji yanatoka ukutani, Mama. Sikufikiri hata kidogo yanatoka wapi hapa."

"Hukujua. Asiyejua hana kosa. Na ulifanya kwa wema."

"Lakini wewe ulijua." Aliinua macho. "Jana uliporudi ulijua."

Bibi alilitazama bakuli.

"Kwa nini hukuniambia jana? Ningelichomoa lile bomba usiku uleule. Kidogo mtoto anywe!"

"Sikutaka kukuaibisha. Wewe ni mkwe. Ulichoka, ulifurahi."

"Yaani mgeni," alisema mkwe. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Bibi zaidi. "Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, 'Mama yangu akianza kukugombeza, ujue umekuwa wa nyumbani.' Kaka zake unawagombeza kila siku, nasikia kwenye simu. Mimi tangu nimuoe mpaka namzika, ni ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, kaa kwenye kiti kile kizuri. Ningekuwa wa kumzaa, ungenisema kabla sijashuka ngazi."

Jikoni Redio alikohoa kidogo, kama mtu aliyetaka sana kuchangia na akajizuia.

Bibi alimtazama kijana yule aliyekaa kwenye ngazi, rangi kavu bado kwenye nyusi. Miaka yote alidhani heshima ndiyo kamba. Kumbe mwenzake alikuwa ameishika ncha ya pili akingoja avutwe.

Akaweka mikono kiunoni.

"Basi sikiliza wewe," alisema. "Mtu mzima na akili zako, unapandaje juu ya nyumba ya mtu bila kuuliza? Hukuuona mfereji? Ulidhani ni pambo? Na ungeanguka je, mtoto huyu nimlee na nani? Na hilo shati, funga vifungo, kuna mwanamke wa watu hapa jikoni!"

"Msinijali mimi," ilisema sauti ya Redio.

Mkwe alifunga vifungo akiinamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Bibi alidhani analia. Alikuwa anacheka, na anafuta macho pia.

"Na sasa inuka," alisema Bibi. "Maneno hayasafishi tangi."

Walifanya kazi mpaka jua likapanda. Mkwe alichomoa bomba la paa akalielekeza mtaroni, akalikaza kwa misumari ili lisirudi. Koki ikafunguliwa, maji mekundu yakakimbilia mtaroni, mbali na bustani ya mboga. Redio aliyaangalia yanavyokwenda akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya hata yangezoleka hayatakiwi. Mkwe aliingia tangini na brashi na ndoo, akasugua kuta na kusuuza, akasugua tena, sauti yake ikivuma mle ndani kama ya mhubiri, huku Bibi akimwelekeza kutoka juu: pale pembeni, hapana, kule, wewe huoni? Mashapo yote waliyachota kwa kopo wakayazika mbali.

Nyuma palikuwa na stoo yenye paa lake dogo. Rangi ilikuwa imeisha kabla ya kulifikia, na Bibi alisema Mungu alijua alichokuwa anafanya alipoliumba debe lile na kimo chake. Mkwe aliufagia mfereji mdogo wa stoo, akapima, akakata bomba kwa msumeno, akaliunga mpaka tangini, akabadilisha wavu. Paa la stoo lingejaza tangi polepole, lakini lingelijaza safi, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Wakilingoja lijae, Redio alileta ndoo mbili za maji ya bomba aliyoyahifadhi.

"Nilikuwa nimekuja kuomba maji," alilalamika, "sasa nayagawa."

Jioni ilinyesha kidogo. Waliliacha paa la stoo lioge, maji yake ya kwanza yaende mtaroni, na Chiriku alipewa kikombe cha maji yaliyochemshwa akakaa barazani akiwasimulia hadithi ndefu isiyo na mwisho.

Kesho yake asubuhi walifunga mizigo. Bibi aliwasindikiza mpaka njia panda, ameshika mkono wa mtoto. Siku zote hapo alisema, karibuni mkipata nafasi, akaishia hapo, asije akaonekana anadai.

Mkwe aliinama kumuaga. Bibi alimshika kiganja, kile chenye malengelenge, asimwachie.

"Njooni tena," alisema. "Sisemi mkipata nafasi. Nasema njooni, mwezi ujao, na usiponiletea mtoto huyu nitakufuata hukohuko nikugombeze mbele ya mafundi wenzako."

"Nitakuja, Mama."

"Bibi," alisema Chiriku, "na wewe uje kwetu. Uje kesho."