Pumzi Chini ya Boneti

Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, Khamisa alitoka na birika la bati, akainua boneti ya pikapu kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwa mpini wa ufagio, kisha akatia maji kwenye rejeta. Rejeta ilivuja tangu enzi za marehemu mumewe. Fimbo yenyewe ya boneti, ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa imepinda kama kiwiko na sasa ilikaa nyuma pamoja na mikebe ya maziwa, haina kazi. Asubuhi moja upepo ulivuma kutoka ziwani na lile vumbi lake jeupe la magadi, mpini ukateleza, boneti ikamwangukia na kumponda vidole. Alivifunga kwa kipande cha leso, akapeleka maziwa hotelini kwanza, ndipo akaenda gereji.

Pale Bondeni, mtaani kwake Nakuru, watu walikuwa na maneno juu ya mwanamke kuendesha pikapu. Alifundishwa na Dualeh, mumewe, kwenye uwanja wa maonyesho siku ambazo hakukuwa na maonyesho. Dualeh alipokufa, wenye maneno waliendelea kuwa nayo, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejitolea kwenda Njoro kumchukulia maziwa. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe.

Dualeh alikufa mwaka wa 1976, wakati wa mvua ndefu. Pikapu ilikutwa kwenye barabara ya Njoro, boneti imefunguka, rejeta imekauka, maziwa yameganda ndani ya mikebe. Yeye mwenyewe alikutwa Lanet, upande wa pili kabisa wa mji, kando ya reli, mguu umevunjika na nguo zinanuka chang'aa. Ikaamuliwa kwamba alilewa akapotea njia. Ni vipi mlevi mwenye mguu uliovunjika alivuka mji mzima wa Nakuru kwa miguu, hilo halikumsumbua mtu aliyelipwa kusumbuliwa na mambo kama hayo.

Aliyemwosha maiti ni Maalim Obeid, na Maalim Obeid alikuwa na pua. Alimswalia, akamzika, akampa kila haki ya maiti. Lakini siku ya arubaini Khamisa alipoomba hitma isomwe msikitini, Maalim alimwambia kwa upole kwamba mambo mengine husomwa nyumbani, kimya kimya, na Mungu anasikia popote. Habari haikukaa kimya. Kuna nyumba ziliacha kununua maziwa yake, kana kwamba ng'ombe nao walikuwa wamekunywa. Khamisa hakutaka fidia wala hakutaka mtu afungwe. Alitaka hitma ya mumewe isomwe msikitini kama ya watu wengine, na isemwe mbele za watu kwamba Dualeh hakunywa.

Gereji ya Rajinder Singh ilikuwa karibu na reli, nyuma yake kukiwa na uwanja wa magari mabovu yaliyopangwa moja juu ya jingine. Rajinder aliviangalia vidole vya Khamisa, akaiangalia boneti, akachukua spana na kwenda nyuma. Alirudi na mikono miwili myeusi ya gesi, ile myembamba inayoinua mlango wa nyuma wa magari ya kisasa.

"Hii ni shokabzoba ndogo, mama," alisema. "Ndani iko gesi. Fimbo tupa kabisa. Wewe fungua kidogo tu, yenyewe itapanda."

"Umeitoa wapi?"

"Ile gari ya Mwenyekiti. Alileta kama skrapu, taa na boneti zimevunjika, akanunua ingine."

Huyo Mwenyekiti alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa ngano huko Njoro, na aliitwa hivyo na kila mtu, hata na mkewe. Gari lake lilikuwa limelazwa juu ya mengine, magurudumu yakitazama mbingu. Rajinder aliifunga mikono ile kwenye pikapu sawasawa na alivyoiona kule juu, bila kukumbuka kwamba kule juu gari lenyewe lilikuwa kichwa chini. Ni kosa ambalo fundi yeyote angeweza kulifanya siku yenye kazi nyingi. Tena mikono ile ilizoea kuinua mlango mzito wenye kioo, kwa hiyo boneti ilipanda kwa kishindo, na ili kuifunga Khamisa alilazimika kuikalia.

Asubuhi iliyofuata aliachia komeo la boneti, boneti ikapanda, mikono ikatoa mlio wa hewa kama birika linalokaribia kuchemka. Mkono wa kulia ulipumua tu. Wa kushoto ulisema, kwa sauti ya Dualeh, "Mwenyekiti, umepita kona ya hospitali."

Khamisa alisimama na birika lake.

"Dualeh," alisema.

Alitia maji, akafunika rejeta, akakalia boneti mpaka ikafunga, akaenda Njoro. Ilipofika jioni alikuwa amekwisha kuelewa, maana haikuwa habari ngumu kuielewa. Mumewe aligongwa, akabebwa akiwa hai nyuma ya lile gari, akiegemea mlango, na pumzi yake iliingia ndani ya mkono wa gesi, mahali pa karibu palipokuwa na nafasi. Usiku huo alilia kwa hasira, si kwa huzuni, kwa sababu huzuni alikuwa amekwisha kuimaliza.

Siku ya pili jirani yake Ladan alikuwapo, amekuja kuazima chumvi. Boneti ilipanda na Dualeh akasema, "Ni mguu tu, si mbaya sana. Usiogope, Mwenyekiti."

"Huyo alikuwa hivyo hivyo," Ladan alisema. "Anagongwa yeye, anatuliza mwingine."

Siku ya tatu majirani wachache walikuja na vikombe vyao vya chai. Dualeh alisema kwamba maziwa yaliyobaki kwenye pikapu ni ya hoteli, na kama kuna mtu wa kutumwa ayawahi kabla hayajaganda. Mwenye hoteli, ambaye alikuwa amesimama pale, alisema yameshasahaulika hayo, asijali. Watu walimaliza chai, wakaenda kazini.

Khamisa alirudi kwa Rajinder kumwambia boneti inasema. Rajinder aliinama, akaangalia, akajipiga paji la uso.

"Pole, mama. Mimi nimefunga juu chini. Hii chuma nyembamba lazima iangalie chini, mafuta ikae kwa sili, ile mpira inaziba gesi. Sasa sili imekauka, gesi inatoka. Ndiyo maana anaongea. Acha nigeuze, itakaa miaka mingi."

"Ukigeuza ataongea?"

"Hapana. Itanyamaza."

"Nisipogeuza?"

"Itaisha. Mara ngapi, sijui. Kila ukifungua inatoka kidogo."

Khamisa alikataa igeuzwe. Badala yake Rajinder aliichomelea rejeta ile bure, kwa sababu ya aibu, ili mama asilazimike kuifungua boneti kila siku. Kisha Khamisa akaenda kituo cha polisi.

Inspekta alikuwa mtu wa heshima. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka wala hakusema kwamba mikono ya gesi haisemi. Alisema tu kwamba kazi yake inataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe, na kwamba si haki mtu atajwe mbele za watu akiwa hayupo, kwa hiyo itabidi Mwenyekiti naye aalikwe. Mwenyekiti alikuwa Nairobi. Wangoje arudi.

"Mpaka wakati huo, mama, usifungue," Inspekta alisema. "Usitumalizie ushahidi."

Hakufungua. Aliendesha pikapu kwa mwendo wa mazishi, akaizima kila palipokuwa na mteremko, na alfajiri alipita kando yake bila hata kuigusa, kama mtu anayempita mgonjwa aliyelala. Maalim Obeid naye alikubali kuja siku hiyo ikifika. Alisema kama Dualeh mwenyewe atasema hakunywa, yeye ni nani hata akatae, hitma itasomwa Ijumaa hiyo hiyo. Khamisa alishika neno hilo akalala nalo.

Lakini kazi ya bure ni kazi ya bure. Kwenye kilima cha kutoka Njoro, mikebe ikiwa imejaa, rejeta iliachia. Mvuke ulitoka pande zote za boneti na injini ikaanza kugonga. Khamisa aliteremka. Akiiacha hivyo injini itakufa, na bila injini hana maziwa, na bila maziwa hana kodi ya chumba. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kuja kusikiliza. Kulikuwa na shamba la ngano, uzio wa seng'enge, na ng'ombe wa mtu wakila majani kando ya barabara. Mbali kabisa kulikuwa na mwendesha baiskeli, akaenda zake. Alimwita, na upepo ukarudisha sauti kwake mwenyewe.

Aliweka mikono yote miwili juu ya boneti ili ifunguke kidogo tu, upenyo wa kupitisha birika. Mikono ya gesi ilikuwa na nguvu kuliko yake. Boneti ilipanda mpaka juu.

"Hiyo ni ya kuosha kidonda?" Dualeh aliuliza. "Mimi huwa sinywi, Mwenyekiti, hata harufu yake siijui vizuri. Lakini kama ni ya kuosha, mwaga tu."

Ng'ombe mmoja aliinua kichwa, akarudi kwenye majani yake. Khamisa aliketi barabarani. Neno lile alilokuwa amelitafuta tangu siku ya mazishi lilikuwa limesemwa, tena wazi, tena kwa adabu, na lilikuwa limekwenda na upepo kuelekea mashambani. Alimchukia Rajinder, akachukia rejeta, na kwa muda mfupi alimchukia hata Dualeh kwa kutochagua saa. Kisha akatia maji.

Mwenyekiti aliporudi, walikutana uani kwa Khamisa. Inspekta alifika ndani ya gari jipya la Mwenyekiti, kwa sababu la kituo halikuwa na petroli. Mwenyekiti aliwasalimu watu wote kwa mkono, akaulizia vidole vya Khamisa. Maalim Obeid alipewa kiti. Rajinder alisimama karibu na lango, kilemba chake safi, macho yake chini. Inspekta alimuuliza mikono ile ilitoka gari gani. Mwaka huo leseni za biashara za Wahindi zilikuwa zinapitiwa upya, na miongoni mwa waliozipitia alikuwa Mwenyekiti.

"Skrapu ni nyingi," Rajinder alisema. "Mimi sikumbuki."

Khamisa alimtazama, naye akazidi kutazama chini.

"Ameshasema," Khamisa aliwaambia. "Alisema hanywi. Alimwagiwa chang'aa, akadhani ni ya kuosha kidonda."

"Nani alisikia?" Inspekta aliuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Inspekta alisema basi wafungue, wasikie kilichobaki, kwani huenda marehemu akarudia. Khamisa alishika komeo la boneti. Aliomba moyoni, si kwa Mungu bali kwa Dualeh, kwamba kwa mara hii moja aache adabu, apige kelele, amtukane mtu. Kisha akaachia.

Boneti haikupanda kwa kishindo tena. Ilipanda polepole, ikitetemeka, na mlio wake ulikuwa mwembamba. Watu waliinama kusikiliza. Sauti ya Dualeh ilikuwa imechoka, lakini yenye furaha, kama ya mtu aliyeona mlango ukifunguliwa baada ya safari.

"Tumefika? Asante, Mwenyekiti. Asante sana kwa kunileta. Mungu akubariki, wewe na watoto wako."

"Amin," alisema Mwenyekiti.

Walingoja. Hakukuwa na zaidi. Mikono ile ilikuwa imekwisha, na boneti ikaanza kushuka yenyewe, taratibu, mpaka ikajifunga. Hakukuwa na haja ya mtu kuikalia.

Inspekta alivaa kofia yake. "Nimemtambua kwa sauti, ni yeye," alisema. "Nimesikia vizuri. Marehemu hana malalamiko."

"Kuhusu kinywaji hakusema kitu," Maalim Obeid alisema kwa upole, akiinuka. "Ni kweli hakusema."

Mwenyekiti alimwambia Khamisa kwamba maneno ya mumewe yamemgusa sana. Alisema si kila siku mtu hubarikiwa na marehemu, tena mbele ya mashahidi, na kwamba hawezi kuliacha jambo hilo hivi hivi. Aliuliza ni kitu gani mama angependa afanyiwe. Aliyejibu ni Maalim, aliyesema kwamba mama alikuwa na haja ya hitma siku nyingi.

Kwa hiyo hitma ya Dualeh ilisomwa msikitini, Ijumaa, na hakuna aliyekumbuka kubwa kuliko hiyo pale Bondeni. Mwenyekiti alitoa fahali na mchele wa pishori. Nyumba zilizokuwa zimeacha kununua maziwa zilikuja na watoto wao. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Mwenyekiti, ambaye si Mwislamu, aliwekewa kiti mlangoni na kofia ya kuazima kichwani.

Mwisho wa kisomo Maalim Obeid aliinua mikono. Alimwombea Dualeh rehema, akamwombea kaburi pana lenye nuru, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki asiyependa kuficha kitu mbele ya Mola wake, alimwomba Mungu amsamehe Dualeh ulevi wake.

"Hakunywa," Khamisa alisema nyuma ya pazia.

Ladan alimshika kiganja. "Tunajua, dada," alinong'ona. "Wote tunajua. Itikia tu, watu wapate kula."

Khamisa hakuitikia. Wengine waliitikia, kisha masinia yakaletwa.