Msiba wa Sungura

Alfajiri Bibi 'Mampho alisikia beseni likiburutwa. Alikuta mjukuu wake Lineo getini, mbele ya maji ya mshubiri ya kunawa watokao mazikoni. Tangu wamzike sungura jana, mtoto alikuwa hajalia wala kula, na Bibi alikuwa na hofu.

"Mbona hunawi, mama?" Bibi alimuuliza.

"Maji ni ya wafiwa. Mimi ndiye niliyeacha kibanda wazi, mbwa akaingia."

"Nami nilipita pale, sikuangalia. Wafiwa ni sisi sote."

Wakanawa pamoja. Jirani, mzee Tšeliso, akaja amejitanda blanketi lake la misiba.

"Poleni. Marehemu alikuwaje?"

"Mkorofi," Lineo alisema. "Alitafuna viatu vya Bibi." Kisha akalia, akashika blanketi. "Kesho uje tena, Babu."