Chumba cha Taulo

Rhonda alikuta blanketi la baba yake limeshakunjwa na kuwekwa pembeni ya kochi, na mto juu yake. Mzee mwenyewe hakuwemo sebuleni. Alikuwa nje kwenye pikapu yake, anakunywa kahawa gizani. Kila siku ilikuwa hivyo. Akiamka mapema, naye aliamka mapema mno, alikwenda kukaa kwenye gari asije akawaamsha pacha wachanga wa Kelsi, binti yake Rhonda, waliolala na mama yao katika chumba cha pili. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Rhonda. Cha tatu hakikuwepo.

"Baba, utazidisha hiyo baridi yabisi yako humo," Rhonda alimwambia kupitia dirishani.

"Humu nina redio yangu na heshima yangu. Ingia twende, tutakuta foleni."

Walikuwa wanakwenda ofisi ya mji kuomba kibali. Mzee Orville Stamper alikuwa amevaa shati la kanisani na kofia mpya. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza akiwa amepiga magoti, anapiga lipu mabwawa ya kuogelea ya watu kwenye jua kali la Arizona, mpaka magoti yakakataa kabisa. Alikuwa na kanyumba kadogo ka kupanga. Mwenye nyumba akapandisha kodi, akapandisha tena mwaka uleule, na mara ya pili hakuomba hata radhi. Ndipo mzee akaja kulala kwenye kochi, akisema ni kwa wiki mbili tu. Sasa ilikuwa karibu mwaka.

Nyumba ya Rhonda ilikuwa na bwawa dogo nyuma, lililoachwa na walioishi kabla yake, na kando ya bwawa kulikuwa na kipande cha majani kisicho na kazi. Hapo ndipo walipotaka kujenga nyumba ya bwawa: chumba kimoja na bafu. Ikishindikana, mzee angekwenda Oklahoma kwa dada yake Nadine, mwanamke anayezima taa ya choo ukiwa bado umo ndani. Nadine alitaka jibu wiki hiyohiyo.

Jumapili iliyopita alikuwa amekuja Chuy Barraza, mkandarasi aliyewahi kufanya kazi na mzee, akalizunguka bwawa huku anavuta masharubu.

"Mbao zimepanda tena," alisema. "Nikikutajia bei leo, ikifika Ijumaa nitakuwa mwongo. Lakini haya, tuseme dola elfu sitini."

Benki ilikuwa imekubali kumkopesha Rhonda elfu arobaini na nane, na nyumba ndiyo dhamana. Basi wakaanza kukata.

"Baraza la mbele?" Chuy aliuliza.

"Toa," mzee alisema.

"Vigae?"

"Toa. Nitatembea juu ya zege, kwani miguu yangu ya nani?"

"Kabati la nguo?"

"Nguo zenyewe ziko wapi? Toa."

"Dirisha la mashariki?"

Hapo mzee aligeuka. Akayatazama maji, akajikuna kidevu. "Hilo liache," alisema. "Nimetengeneza mabwawa ya watu wote hao, sijawahi kuamka nikaliona moja."

Wakaliacha, wakapunguza bati, na hesabu ikafika ilipotakiwa. Chuy akavaa kofia yake, akainua kidole.

"Sasa nisikilizeni. Mkifika pale dirishani kwa karani wa vibali, msitaje kitanda, msitaje jiko. Hii ni nyumba ya bwawa. Ni ya taulo na viti, ya watu kubadilishia nguo. Mji mzima umejaa mama wakwe wanaolala kwenye vyumba vya taulo. Karani anajua, na anajua kuwa tunajua. Kazi yenu ni kufunga mdomo tu. Orville, umenisikia?"

"Mimi si kiziwi, bwana."

Baada ya Chuy kuondoka, mzee alichora ramani ya chumba juu ya majani kwa chokaa, kuta zote nne, mlango na dirisha. Akamwita Kelsi awalete pacha waione nyumba ya babu.

Ofisini, karani alikuwa kijana mpole mwenye tai. Aliutazama mchoro, akatabasamu kidogo alipoona vishikio vya ukutani bafuni.

"Wageni wenu wakija kuogelea wanaanguka sana, nadhani," alisema.

"Sana," Rhonda alisema.

"Vizuri. Basi nitakusomea tamko, halafu utie sahihi." Akasoma bila kuinua macho. "Jengo hili ni la kuhifadhia taulo na vifaa vya bwawa. Hakuna mtu atakayeishi wala kulala humo."

Rhonda alichukua kalamu.

"Mimi nitalala humo," mzee alisema.

"Baba!"

"Nitalala humo. Naitwa Orville Stamper. Nusu ya mabwawa ya bonde hili yamepita mikononi mwangu. Bwawa lenu hapo nyuma, la watoto wa mji, ni kazi yangu. Nimetoka nyumbani nimevaa shati la kanisani, halafu niandikwe taulo?"

Karani aliweka mikono juu ya meza. Watu kwenye foleni walikuwa wamegeuka kutazama. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "laiti usingesema. Ukishasema, mimi nimesikia. Na wote hawa wamesikia."

Ikawa si nyumba ya bwawa tena, ni makazi. Makazi yanataka bomba lake la maji taka mpaka barabarani, mita yake ya umeme, nafasi ya gari, ukuta wa kuzuia moto, na ada ya mji juu yake. Chuy alipopigiwa simu alipiga hesabu upya, akataja elfu tisini na tano, akasema pole.

Kwenye gari Rhonda alishindwa kujizuia. "Neno moja tu, Baba! Ungemeza mate tu, basi! Mwaka mzima nahangaika na benki, wewe unakuja kuharibu kwa sababu ya taulo!"

Mzee alitazama mbele. "Najua," alisema. "Lilinitoka, mwanangu. Nilifikiri limebaki moyoni, kumbe limeshatoka."

Rhonda alitaka kuendelea kugomba, lakini alipoona kofia ile mpya imewekwa magotini, hasira yote ikamwishia, ikabaki huzuni tupu.

Mchana mzee alimpigia Nadine simu, akamwambia kwa ufupi kuwa anakuja. Kisha akavuta mpira wa maji aende kuifuta chokaa.

"Acha!" Rhonda alipiga kelele kutoka jikoni. Akaingia stoo, akatoka na kitanda cha kukunja, akakitandika ndani ya mistari ile na kuweka blanketi na mto. "Lala."

"Umechanganyikiwa wewe."

"Lala, Baba. Dirisha lako liko upande gani?"

Mzee alimwonyesha kwa kidole. Akavua viatu nje ya mlango wa chokaa, akaingia, akajilaza taratibu akiyaelekea maji, akafumba macho. Rhonda akakaa chini karibu naye.

Haikupita saa, Colleen wa chama cha wenye nyumba wa mtaa akachungulia juu ya ukuta, simu mkononi, tayari kupiga picha.

"Rhonda, tumeletewa malalamiko. Inasemekana unaanza jengo bila ruhusa ya chama."

"Jengo liko wapi, Colleen?"

"Si hayo hapo, alama za ujenzi? Kanuni za chama haziruhusu alama kwenye majani, na faini ipo. Na huyo hapo je?"

Mzee hakufumbua macho.

"Mimi ni taulo, mama," alisema. "Nimeanikwa."

Rhonda alicheka, na kicheko hakijaisha machozi yakamshinda. Colleen alipiga picha yake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi pikapu ilishika njia ya Oklahoma. Wiki iliyofuata faini ya chama kwa ajili ya chokaa ilikuja kwa posta. Rhonda aliilipa. Chokaa hakuifuta.