Rupia ya Evangelina

"Wananchi wa mji wa Babati mnatangaziwa kwamba kabati la kioo lenye rafu tatu limewasili salama na limewekwa katika chumba cha kusomea cha Jumuiya ya Kumbukumbu. Ufunguo wake ni mmoja, na anao Katibu. Mnaombwa kuleta vitu vya kale. Kila kitakachopokelewa kitawekewa kadi yenye jina la mmiliki wake wa kwanza. Sarafu zitachunguzwa kwanza na Mwalimu Eliakunda wa Maisaka."

Tangazo hilo lilibandikwa mwaka 2004, wakati mkoa ulipokuwa mpya kiasi kwamba barua nyingine za watu wake bado zilipitia Arusha kwa mazoea. Jumuiya ilihofu kwamba mkoa usio na vitu vya kale ungedhaniwa hauna historia. Hakuna aliyeuliza kama historia huitikia matangazo.

Eliakunda alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kutoka Upareni, na kwa miaka thelathini alikuwa amekusanya sarafu za fedha. Mkewe, Aikande, ndiye pekee aliyewahi kumsikiliza akizieleza, naye alisikiliza huku akichagua maharage. Alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Mwanawe Allen alikuwa akipiga simu Pasaka na Krismasi. Majirani waliziheshimu sarafu zake kama wanavyoheshimu ugonjwa wa mtu: waliuliza hali mlangoni, hawakuingia.

Jumuiya ilimpa fomu. Chini ya swali kuhusu rangi ya sarafu palikuwa na visanduku viwili: "ya umri" na "ya mkono." Sarafu yenye rangi ya mkono, yaani iliyotiwa na mtu, isingepokelewa. Maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe, na aliyaona yanatosha.

Aliyekuja ni mmoja tu, mwanamke wa makamo kutoka Mutuka, mwenye kitambaa kilichofungwa mafundo mawili.

"Hodi hapa kwa Mwalimu."

"Karibu, Mama. Karibu ukae. Nikuite mama nani?"

"Domina tu. Wa kuniitia jina lake hakupatikana."

Akafungua mafundo. Ndani mlikuwa na rupia ya Mjerumani ya mwaka 1892, Kaizari upande mmoja akiwa na kofia yake ya chuma, simba na mnazi upande wa pili.

"Ilikuwa ya mama yangu, Evangelina. Baba yake aliipata kwa mtamba mmoja, akampa siku ya kuolewa. Ndugu zangu wote wamekwisha, nami sikuzaa. Nikifa, hakuna mdomo utakaomtaja mama. Kwa hiyo nataka ile kadi."

Eliakunda aliisogeza rupia dirishani, akaitazama kwa lenzi, kisha akainusa.

"Mwalimu, hiyo si samaki."

"Rangi nyingine zina harufu."

"Na ukiilamba?"

"Haijafikia huko."

Fedha iliyotulia haibaki nyeupe. Hewa huipa rangi polepole: manjano hafifu, kahawia, zambarau, buluu, na mwisho weusi. Kazi hiyo huchukua miaka mingi. Wenye haraka huifungia sarafu na yai lililochemshwa, au huiweka penye moshi, wakapata rangi zilezile kwa siku chache. Anayetaka kujua ukweli hutazama mikwaruzo. Mkwaruzo uliokuja baada ya rangi huwa mweupe, kwa kuwa umeikata. Uliojaa rangi ulitangulia.

Rupia ya Domina ilikuwa na zambarau ukingoni na buluu juu ya kofia ya Kaizari. Chini ya lenzi ilionekana mikwaruzo mamia, ikizunguka kama ile ya kitako cha sufuria, na yote ilikuwa imejaa buluu. Sarafu ilisuguliwa ikawa nyeupe, kisha ikatiwa rangi, na moshi wake ulikuwa bado mbichi. Dakika kumi zilitosha kulijua hilo.

"Inahitaji mwanga mwingine," alisema. "Njoo Alhamisi."

Mwanga haukuwa na kasoro. Lakini kiti cha pili katika chumba kile kilikuwa hakijakaliwa tangu matanga ya Aikande yaanuliwe.

Alhamisi Domina alileta maziwa mgando. Alieleza habari za mahindi ya Mutuka, naye akamweleza jinsi fedha inavyochanganywa na shaba ili isilainike. Domina alisikiliza mikono yake ikiwa imetulia mapajani. Akaambiwa arudi wiki iliyofuata, na mwanga ukalaumiwa tena.

Mara ya tatu hakukaa.

"Mwalimu, ng'ombe anayenunuliwa huangaliwa meno mara moja tu. Huyu Kaizari wako ana meno mangapi?"

Eliakunda aliweka lenzi mezani. "Nani aliisugua?"

"Mimi. Kwa majivu na mchanga. Nipeleke kitu cha mama ofisini kikiwa kichafu?"

"Na rangi hii?"

"Iling'aa kama kijiko, nikaona si yake tena. Alikuwa akiiweka ndani ya kibuyu chake cha maziwa. Kwetu kibuyu kikioshwa hakirudishwi hivihivi; hufukizwa kwa kaa la mti, ndipo kinakuwa cha mwenyewe. Basi nikaitia humo, nikaifukiza siku tisa, mpaka ikawa ya mama tena."

"Mbona hukusema?"

"Uliuliza? Ulikuwa unatafuta mwanga."

Alipoondoka, Eliakunda alibaki na visanduku vyake viwili. Vitabu vyote alivyosoma vilisema kwamba rangi ya mkono hutiwa ili kudanganya. Mwanamke huyu hakumdanganya mtu, alikuwa amerudisha kilichokuwepo. Yeye mwenyewe alizihifadhi sarafu zake katika bahasha za karatasi ya kaki, akijua kuwa karatasi hiyo hutoa buluu nzuri, akazigeuza kila Januari, na matokeo akayaita umri. Tofauti kati yake na Domina ilikuwa kwamba yeye alikuwa na nafasi ya kungoja.

Hakuweka alama popote. Aliandika pembeni mistari minne kuhusu majivu, kibuyu na siku tisa, akashauri kadi itolewe. Fomu aliifikisha siku yenyewe ya kikao cha Jumuiya, saa moja kabla, kwa kuwa wiki mbili alikuwa amezitumia kwa jambo jingine. Kama angeipeleka mapema, Domina angeitwa kikaoni aeleze kwa kinywa chake.

Katibu, Bwana Msafiri, aliigeuza fomu mara mbili.

"Mwalimu, umeandika pembeni. Pembeni hapasomwi kikaoni."

"Visanduku havitoshi."

"Si ulivitunga wewe?"

"Nilivitunga."

"Basi."

Domina alingoja nje ya chumba cha kusomea, akiwa amevaa viatu vya kanisani. Eliakunda alikaa kando yake. Jioni walipewa barua, nakala moja kwa wawili.

"Kikao kimepokea rupia moja ya mwaka 1892 na kinaishukuru familia husika. Kwa kuwa mchunguzi hakuweka alama katika kisanduku chochote, imeamuliwa kwamba sarafu hiyo itunzwe katika sanduku la chuma la Katibu, bila kadi, hadi rangi yake itakapothibitishwa. Na kwamba atakayeithibitisha ni mchunguzi yuleyule, kwa kutumia fomu ileile."