Gari la Darajani

Siku Mabel alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha gemu cha Anwari, Hamudi aliinuka, akavua kofia, akaitumia kufuta vumbi kwenye benchi mahali pa mgeni kukaa. Stamili aliyaona hayo akiwa kwenye kigoda chake nyuma ya pazia la kanga, maiki mkononi. Miezi minne alikuwa akikaa hatua mbili kutoka kwa Hamudi, na Hamudi hajawahi kumfutia hata ukingo wa kigoda.

"Huyo nani?" alimnong'oneza Anwari, kaka yake.

"Mgeni wa Mama Padri. Katoka Masasi. Kamaliza fomu siksi, anangoja chuo. Kiingereza kwake maji."

Stamili mwenyewe darasa la tano hakulimaliza. Aliliacha mwaka ambao mama yake alivunjika nyonga, akabaki nyumbani kumgeuza kitandani na kuteka maji.

Kibanda kilikuwa Newala, kando ya barabara ya kwenda Mkunya, na madirisha yake yalizibwa kwa magunia ya korosho ili skrini ionekane vizuri mchana. Watu hawakuja kucheza tu. Wengi walikuja kutazama. Walimtazama Hamudi, kijana aliyekuwa akipuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, ambaye akishika pedi ya kuchezea gemu vidole vyake vya manjano vilikwenda mbio kuliko macho. Na walikuja kumsikiliza Stamili. Gemu lilikuwa la vita na lilikuwa la Kiingereza kitupu, kwa hiyo alihitajika mtu wa kulisimulia kwa Kiswahili, kama wanavyosimulia muvi.

Barabarani Stamili alikuwa akisalimia watu huku anatazama vidole vyake vya miguu. Nyuma ya pazia alikuwa mtu mwingine. Yule askari wa kwenye gemu alimpa jina, Luteni Chilumba. Alimpa mchumba kule Nanganga na mama mgonjwa kule Lukuledi. Sauti ya amri iliyotoka kwenye redio ya askari aliiita Bosi. Kiingereza hakukijua hata kidogo. Alitazama picha, akatunga, na watu wakaamini, maana aliyasema yote bila kusitasita.

Kipande walichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha darajani. Chilumba amelala nyuma ya magunia ya mchanga. Gari la mizigo linakuja polepole. Redio inakwaruza, maandishi mekundu yanatokea, yanakaa muda wa kuhesabu hadi sita, yanapotea. Hapo Hamudi huuliza bila kugeuka, "Lina nini, Stamili?" Na kibanda kizima humjibu kabla yake, "Mabomu." Hamudi hupiga, gari huwaka, watu hupiga makofi. Baadaye maandishi meupe hujaa kwenye skrini, na Stamili huyasoma kwa sauti nzito kwamba Luteni Chilumba ametunukiwa nishani.

Lakini kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Asubuhi moja ya Ramadhani, kibanda kikiwa kimefungwa, alikuwa anafuta pedi akaamua kujaribu. Alipofika darajani kidole chake kikachelewa. Maandishi yakapotea, na gari likampita mbele ya macho. Juu lilikuwa limefungwa godoro. Nyuma walikaa wanawake, mzee mmoja, watoto, na jogoo aliyefungwa miguu. Mtoto mmoja akampungia askari mkono.

Stamili akazima. Alimkumbuka bibi yake Bimdogo, aliyevushwa Ruvuma mgongoni kwa mama yake wakati wa vita vya Msumbiji, ambaye alikuwa akisema hakumbuki kitu ila mkeka uliokuwa kichwani kwa shangazi yake. Siku hiyo Stamili hakufuturu vizuri. Ila jioni, kibanda kilipojaa na Hamudi akauliza gari lina nini, alinyamaza watu wakajibu kama kawaida. Angesema nini? Akikiri kosa hapo, wangeuliza na mengine yote aliyatoa wapi. Na Hamudi asingeuliza tena.

Sasa akaja huyu Mabel. Siku ya pili tu alicheka katikati ya masimulizi, kicheko cha mtu asiyekusudia ubaya.

"Samahani," alisema. "Lakini huyu si luteni. Ni koplo."

"Chilumba kashushwa cheo," alisema Mohamedi, dereva wa bodaboda ambaye hakukosa hata siku moja, na kibanda kikaangua kicheko. Hamudi naye alicheka. Stamili nyuma ya pazia alishikwa na wivu, akaendelea kumwita askari luteni.

Wiki ile Hamudi alizidi kumwuliza Mabel mambo. Hili neno ni nini, na huyu kasema nini. Mabel alijibu akiwa ameinama karibu, nywele zake zinanukia mafuta ya dukani. Alhamisi Anwari akasema, "Dada, Jumamosi tumpe Mabel maiki, watu waonje. Wewe pumzika."

"Sawa kaka," Stamili alisema.

Jumamosi mchana, kabla watu hawajajaa, Mabel alimfuata uani alikokuwa anasuuza vikombe. "Dada Stamili, shikamoo."

"Marahaba," Stamili alijibu, ingawa walikuwa karibu rika moja, na heshima ile ilimuudhi kuliko tusi.

"Naomba unisaidie. Pale darajani Hamudi kaniambia ni patamu, lakini mimi huwa nimeshaondoka, sijapaona. Lile gari lina nini?"

Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ukweli. Badala yake aliona kofia ya Hamudi ikifuta benchi.

"Mabomu," alisema. "Pale redio inakwaruza na maandishi yanawahi kupotea. Usihangaike kuyasoma. Watu watakuuliza, wewe itikia mabomu, Hamudi apige."

"Asante dada. Ningeaibika."

Mabel alisimulia vizuri, hilo Stamili hakuweza kulikana. Alisema kilichoandikwa, hakuongeza mchumba wala mama mgonjwa, na bado watu walitulia. Walipofika darajani Hamudi aliuliza, "Lina nini, Mabel?" Jina lile mahali pa jina lake lilimkata Stamili maini. Kibanda kikajibu, Mabel akaitika, Hamudi akapiga. Gari likawaka. Makofi.

Kisha maandishi meupe yakaja, na kwa hayo Mabel hakuwa ameonywa. Aliyasoma kama yalivyo.

"Koplo amelifyatulia risasi gari la wakimbizi. Raia waliouawa, tisa." Alisoma tena kimya kimya, midomo inatembea. "Watoto, wanne."

Makofi yakafa.

"Watoto gani?" Mohamedi aliuliza. "Si umesema mabomu?"

"Na pale kwenye maandishi mekundu," Mabel alisema polepole, kama anayefungua barua mbaya, "nadhani palikuwa na kuchagua. Kupiga au kuwaacha wapite."

"Sasa mbona hukusema? Msomi mzima."

"Watu wa Masasi bwana, wanatuletea laana huku juu Newala," mwingine akadakia.

Mabel aligeuka. Macho yake yalivuka vichwa vya watu yakamfikia Stamili aliyesimama mlangoni. Yalikaa hapo muda wa kutosha Stamili kujua kwamba ameshaelewa. Kisha yakarudi kwa watu.

"Nimekosea mimi," Mabel alisema. "Nilipaswa kusoma, sikusoma."

"Mrudisheni Stamili wetu," Mohamedi alisema. "Kwa Stamili hajafa raia hata mmoja."

Wengi wakaitikia ndiyo. Anwari akapokea maiki kutoka kwa Mabel, kwa adabu, na kusema kesho mambo yatarudi kama zamani. Ndicho alichokitaka Stamili wiki nzima. Alisubiri furaha ije, haikuja.

Walipotawanyika alimkuta Mabel anafunga mtandio barabarani, upepo wa Julai unampiga.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja ningepata nini? Mimi Oktoba naenda zangu chuo. Wewe hapa ndipo pako." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Ulijua, dada. Sivyo?"

Stamili alitazama vidole vyake vya miguu. Mabel akaondoka.

Usiku ule alipomgeuza mama yake kitandani aligundua kwamba wivu haujapungua, umehama. Kiingereza cha Mabel, nywele, benchi lililofutwa, hivyo vyote angeweza kuvizoea. Kilichomla sasa ni lile neno moja, nimekosea. Mabel alilitoa mbele ya watu bila kutetemeka, tena kwa kosa lisilo lake, na yeye mwenye kosa hakulitoa hata walipokuwa wawili tu barabarani. Kama mtu akikuhurumia kwa sababu yeye ana pa kwenda, unamchukia vipi? Alijaribu kumchukia, hakufanikiwa vizuri.

Jumapili kibanda kilifurika. Mabel naye alikuja, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Hamudi alipomwona Stamili anaingia nyuma ya pazia alimwambia, "Afadhali umerudi. Bila sauti yako hii mikono haiendi." Maneno hayo alikuwa ameyaota miezi minne. Yalimwingia sikioni yakakaa hapo hapo, hayakushuka.

Alisimulia. Alipomrudisha Chilumba kuwa luteni watu walishangilia. Wakavuka msitu, wakashuka bondeni, wakafika kwenye magunia ya mchanga. Gari likatokea mbali, linatikisika.

"Lina nini, Stamili?"

"Mabomu," kibanda kikaitika.

Redio ikakwaruza. Maandishi mekundu yakatokea.

"Si mabomu," Stamili alisema kwenye maiki. Sauti yake ilikuwa ya barabarani, si ya nyuma ya pazia. "Ni watu. Wanakimbia vita. Usipige."

Kidole cha Hamudi kilikuwa kimeshagusa kitufe. Kikabaki hapo. Maandishi yakapotea. Gari likapita na godoro lake, na wanawake, na mzee, na jogoo. Mtoto akapunga mkono.

Hamudi alishusha pedi mapajani na kugeuka, akalivuta pazia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Na jana?"

"Jana nilimwambia Mabel mabomu. Aliniuliza vizuri, nikamdanganya. Nimekosea mimi, si yeye." Lilikuwa neno zito kuliko alivyodhani akimsikiliza mwenzake.

"Basi hao watu tumewaua mara ngapi?" Mohamedi aliuliza.

"Jamani, si gemu tu," mtu alisema nyuma.

"Gemu, ndiyo," Mohamedi alisema. "Lakini mimi nilikuwa napiga makofi."

Hamudi aligeukia skrini na kumpa Stamili mgongo. Kwenye skrini askari alikuwa amesimama darajani peke yake, na redio inaongea, inaongea, kwa ukali. Hakuna aliyewahi kufika hapa.

"Bosi anasemaje?" watu walianza kuuliza. "Stamili, anasemaje?"

Alikuwa na maneno tele mdomoni. Bosi ameguswa, amemsamehe. Luteni Chilumba anaruhusiwa kwenda Nanganga kuoa. Wangepoa, wangecheka, huenda hata Hamudi angegeuka. Aliwatazama wote, wamekaa wanamngoja yeye, kama alivyopenda siku zote wamngoje.

"Sijui," alisema. "Kiingereza sijui. Sikuwahi kukijua. Mabel, njoo uwasomee."

Mabel hakuinuka mara moja. Alipokuja alipokea maiki bila kumtazama. Waya wa maiki ulikuwa mfupi, kwa hiyo ilimbidi akae karibu na Hamudi, bega kwa bega, na Stamili aliliona bega lile likagusana na hili, na ikamchoma vile vile kama siku ya kwanza. Wivu haukupungua hata chembe. Alikwenda kukaa mbele, chini kwenye jamvi, kati ya watazamaji.

"Koplo," Mabel alisoma, "umekataa amri. Weka silaha chini. Tunakuja kukukamata. Ukikimbia, tutalifuata lile gari."

"Sasa nifanyeje?" Hamudi aliuliza. "Nikimbie au nikae?"

"Hawakuandika. Wamekuachia wewe."

Hamudi alikaa na pedi mikononi, vidole vya manjano vimetulia, na kibanda kizima kilimgeukia Stamili kwa mazoea. Aliuma pindo la mtandio wake asije akasema neno.